Kulinganisha Mishahara ya Idara kwa Mchoro wa Kisanduku

Kila mwaka wakazi wa Kiritiri na maeneo mengine ya Mbeere Kusini huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Barabara, maji na dawa huzungumziwa sana, lakini swali la mishahara nalo halikosi. Mmoja husema wafanyakazi wa idara fulani wanalipwa kuliko wenzao. Mwingine humjibu kwa kutaja wastani wa mshahara wa idara hiyo. Mara nyingi wote wawili wana nambari sahihi mkononi, na bado mkutano huisha bila jibu.

Tatizo ni kwamba wastani ni nambari moja, ilhali mishahara ya idara nzima ni ya watu wengi. Ili kulinganisha idara mbili au tatu kwa haki, mkazi anahitaji kuona mishahara ilivyotawanyika: wa chini wanapata nini, wa katikati wanapata nini, wa juu wanapata nini, na kama kuna mmoja au wawili waliojitenga mbali na wengine. Kazi hiyo hufanywa vizuri na mchoro mdogo uitwao mchoro wa kisanduku. Unahitaji kalamu, rula na karatasi, basi.

Somo hili linatumia mfano wa idara za chuo kikuu. Kaunti ya Embu ina chuo kikuu chake cha umma, Chuo Kikuu cha Embu, kilichoanza mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi na kupewa hati yake mwaka 2016. Wakazi wengi wamewahi kusikia vyeo vya mhadhiri na profesa, kwa hiyo mfano huu ni rahisi kufuata. Hata hivyo, mishahara inayotajwa hapa chini imetungwa kwa ajili ya kufundishia tu. Si ya Chuo Kikuu cha Embu wala ya chuo kingine chochote.

Wastani sawa, idara tofauti

Tuseme idara tatu zina wafanyakazi 11 kila moja. Mishahara yao ya mwezi, kwa maelfu ya shilingi, imepangwa kuanzia wa chini hadi wa juu.

Idara ya Elimu: 90, 100, 110, 115, 120, 124, 126, 130, 135, 145, 153.

Idara ya Kompyuta: 85, 90, 95, 98, 100, 105, 110, 115, 120, 130, 300.

Idara ya Kilimo: 95, 110, 125, 130, 140, 150, 165, 180, 195, 210, 230.

Jumlisha mishahara ya Elimu, utapata 1,348. Gawanya kwa 11, wastani ni takriban shilingi 122,500. Sasa fanya vivyo hivyo kwa Kompyuta. Jumla ni 1,348 ileile, na wastani ni uleule. Atakayesoma wastani peke yake atasema idara hizi mbili zinalipwa sawa.

Lakini rudi uzitazame orodha. Katika Idara ya Kompyuta, watu tisa kati ya 11 wanapata shilingi 120,000 au chini yake. Ni wawili tu waliopita wastani wa idara yao wenyewe, na mmoja wao anapata shilingi 300,000. Huyo mmoja ndiye aliyeubeba wastani juu. Katika Idara ya Elimu hakuna mtu wa namna hiyo, na watu sita kati ya 11 wako juu ya wastani.

Walimu wa takwimu nchini Marekani hupenda kusimulia kisa cha mchezaji wa mpira wa vikapu, Michael Jordan, aliyesomea jiografia katika Chuo Kikuu cha North Carolina. Husema kwamba mtu angehesabu wastani wa mapato ya waliosomea jiografia chuoni hapo wakati wake, angedhani jiografia ndiyo njia ya utajiri. Ukweli ni kwamba tajiri alikuwa mmoja, na utajiri wake haukutoka kwenye jiografia. Idara yetu ya Kompyuta ina jambo kama hilo, ingawa kwa kiasi kidogo.

Nambari tano za kutafuta

Mchoro wa kisanduku hujengwa kwa nambari tano. Mkazi anayejua kupanga mbuzi sokoni kuanzia wa bei ya chini hadi wa bei ya juu tayari anajua nusu ya kazi.

Ya kwanza ni mshahara wa chini kabisa, na ya tano ni mshahara wa juu kabisa. Hizo ziko mwanzoni na mwishoni mwa safu.

Ya tatu ni mshahara wa katikati. Kwa watu 11 waliopangwa kwa safu, wa katikati ni wa sita: watano wako chini yake na watano wako juu yake. Idadi ikiwa shufwa, kwa mfano watu 10, chukua wawili wa katikati, jumlisha mishahara yao na ugawanye kwa mbili.

Ya pili ni robo ya chini, yaani mshahara ulio katikati ya nusu ya chini. Katika safu yetu, nusu ya chini ina watu watano, kwa hiyo ni mshahara wa mtu wa tatu. Ya nne ni robo ya juu, yaani mshahara ulio katikati ya nusu ya juu. Kwa safu ya watu 11, ni mshahara wa mtu wa tisa.

Kwa hiyo, kwa idara zetu, nambari tano ni hizi:

Elimu: chini 90, robo ya chini 110, katikati 124, robo ya juu 135, juu 153.

Kompyuta: chini 85, robo ya chini 95, katikati 105, robo ya juu 120, juu 300.

Kilimo: chini 95, robo ya chini 125, katikati 150, robo ya juu 195, juu 230.

Tayari tofauti imejitokeza. Elimu na Kompyuta, zilizokuwa sawa kwa wastani, sasa zinaachana kwa shilingi 19,000 katika mshahara wa katikati. Huo ndio mshahara wa mfanyakazi aliye katikati ya wenzake, na hausogezwi na mtu mmoja mwenye malipo makubwa. Yule wa shilingi 300,000 hata angelipwa shilingi milioni moja, mshahara wa katikati wa Kompyuta ungebaki 105,000.

Namna ya kuchora

Chora mstari mlalo chini ya karatasi na uweke vipimo vyake: 80, 100, 120, na kuendelea hadi 300. Sentimita moja kwa kila shilingi 20,000 inatosha kwenye karatasi ya daftari. Mstari huu mmoja utumike kwa idara zote tatu. Ukibadilisha vipimo kwa kila idara, michoro haitalinganishika, na aliye na nia mbaya hutumia njia hiyo kuficha tofauti au kuikuza.

Anza na Elimu. Juu ya mstari, chora kisanduku kinachoanzia robo ya chini, 110, na kuishia robo ya juu, 135. Ndani yake piga mstari wima mahali pa mshahara wa katikati, 124. Kisanduku hiki kimebeba nusu ya wafanyakazi, wale walio katikati ya safu. Kisha toa mstari mwembamba kutoka upande wa kushoto wa kisanduku hadi 90, na mwingine kutoka upande wa kulia hadi 153. Mistari hii miwili huitwa masharubu.

Kabla ya kuchora masharubu, kuna jambo la kukagua. Tafuta upana wa kisanduku: 135 kutoa 110 ni 25. Zidisha upana huo kwa moja na nusu, upate 37.5. Jumlisha na robo ya juu: 135 na 37.5 ni 172.5. Toa kutoka robo ya chini: 110 kutoa 37.5 ni 72.5. Hiyo ndiyo mipaka ya masharubu. Mshahara wowote ulio nje ya mipaka hiyo hauguswi na sharubu, bali huwekewa nukta yake peke yake. Katika Elimu hakuna aliye nje, ndiyo maana masharubu yamefika 90 na 153.

Kompyuta ni tofauti. Kisanduku chake kinatoka 95 hadi 120, upana ni 25 vilevile. Mpaka wa juu ni 120 na 37.5, yaani 157.5. Mshahara wa 300 umeuvuka mpaka huo kwa mbali. Basi sharubu la kulia linaishia kwa mtu wa mwisho aliye ndani ya mpaka, 130, na yule wa 300 anawekewa nukta mbali upande wa kulia. Sharubu la kushoto linafika 85.

Kwa Kilimo, kisanduku kinatoka 125 hadi 195. Upana ni 70, na moja na nusu yake ni 105. Mpaka wa juu ni 300, na mpaka wa chini ni 20. Hakuna aliye nje. Masharubu yanafika 95 na 230.

Mchoro huu na kanuni ya moja na nusu vilienezwa na mwanatakwimu Mmarekani John Tukey, hasa kupitia kitabu chake cha mwaka 1977. Kabla yake, mwaka 1952, Mary Eleanor Spear alikuwa ameonyesha mchoro unaofanana nao. Lengo la Tukey lilikuwa mtu aweze kuzitazama takwimu kwa kalamu na karatasi kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Kusoma michoro mitatu kwa pamoja

Ukishaweka visanduku vitatu kimoja juu ya kingine, jiulize maswali manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, mistari ya katikati iko wapi? Kilimo iko 150, Elimu 124, Kompyuta 105. Mfanyakazi wa katikati wa Kilimo anampita wa Kompyuta kwa shilingi 45,000.

Pili, visanduku vina upana gani? Elimu na Kompyuta vina upana sawa, shilingi 25,000. Kilimo ina 70,000. Maana yake ni kwamba katika Kilimo kuna pengo kubwa kati ya wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe. Idara inayolipwa vizuri zaidi kwa jumla ndiyo hiyohiyo yenye tofauti kubwa zaidi ndani yake.

Tatu, visanduku vinapishana kiasi gani? Robo ya chini ya Kilimo, 125, imepita kidogo tu mshahara wa katikati wa Elimu, 124, na visanduku vyao vinagusana kati ya 125 na 135. Kwa hiyo si kweli kwamba kila mtu wa Kilimo anamzidi kila mtu wa Elimu. Aliye chini kabisa Kilimo anapata 95, na watu kumi wa Elimu wanampita. Lakini kisanduku cha Kilimo na cha Kompyuta havigusani hata kidogo, na tofauti ya namna hiyo inahitaji maelezo.

Nne, nukta za pekee ni za nani? Nukta si kosa wala si ushahidi wa wizi. Inaweza kuwa profesa wa pekee katika idara changa, malimbikizo ya mshahara yaliyolipwa mwezi mmoja, au sifuri iliyoongezwa kimakosa kwenye orodha. Kazi ya nukta ni kumwambia mkazi aulize hapo.

Kwa nini Kilimo kimepanda juu

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiona kisanduku cha Kilimo kimekaa juu ya cha Elimu, ni rahisi kusema kwamba wakuu wa chuo wanaipendelea Kilimo. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mchoro umeonyesha kuwa tofauti ipo. Haujasema imetoka wapi.

Katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, mshahara wa mhadhiri haupangwi na idara yake. Hufuata daraja. Viwango hujadiliwa kitaifa katika mikataba ya pamoja kati ya vyama vya wafanyakazi, kama vile UASU cha wahadhiri, na wawakilishi wa mabaraza ya vyuo, huku Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ikitoa ushauri. Mhadhiri wa historia na mhadhiri wa kemia walio katika daraja moja wako kwenye ngazi moja ya mshahara wa msingi. Ndani ya daraja, mtu hupanda kidogo kidogo kadiri miaka ya utumishi inavyoongezeka.

Basi irudie ile safu ya Kilimo ukiwa na madaraja mkononi. Tuseme wahadhiri wasaidizi ni wawili, wenye 95 na 110. Wahadhiri ni watatu: 125, 130 na 140. Wahadhiri waandamizi ni watatu: 150, 165 na 180. Maprofesa washiriki ni wawili: 195 na 210. Profesa ni mmoja: 230.

Kwa Elimu, wahadhiri wasaidizi ni watatu: 90, 100 na 110. Wahadhiri ni sita: 115, 120, 124, 126, 130 na 135. Wahadhiri waandamizi ni wawili: 145 na 153. Hakuna profesa hata mmoja.

Sasa linganisha daraja kwa daraja. Mhadhiri msaidizi wa katikati anapata 102.5 Kilimo na 100 Elimu. Tofauti ni shilingi 2,500. Mhadhiri wa katikati anapata 130 Kilimo na 125 Elimu. Tofauti ni 5,000. Mhadhiri mwandamizi wa katikati anapata 165 Kilimo na 149 Elimu. Tofauti ni 16,000.

Tofauti ya idara nzima ilikuwa shilingi 26,000. Ndani ya madaraja mawili ya chini imepungua hadi 5,000 au chini ya hapo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pengo haikutoka kwenye upendeleo wa malipo. Imetoka kwenye muundo: Kilimo ina wakongwe wengi, Elimu ina wahadhiri wengi wa madaraja ya kati na ya chini.

Bado wahadhiri waandamizi wanaachana kwa 16,000, na hilo halipaswi kufichwa. Huenda wa Kilimo wamekaa miaka mingi zaidi katika daraja hilo. Huenda wana majukumu yenye marupurupu, kama kuongoza idara. Tena ni watu watatu dhidi ya wawili, idadi ndogo mno kuhukumia. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: watu hawa watano walipandishwa daraja lini, na wanapata marupurupu gani?

Kuna swali jingine kubwa zaidi, na ni kisanduku kilicholiibua: kwa nini Elimu haina profesa? Huenda ni idara changa. Huenda wahadhiri wake hawajafikisha masharti ya utafiti na machapisho. Huenda wanaomba kupandishwa na maombi yanakaa. Hapo dhuluma inaweza kuwepo bila mshahara wa daraja lolote kuwa na kosa. Anayetetea haki ya Idara ya Elimu akidai nyongeza ya mshahara atakuwa amegonga mlango usiokuwa wake. Mlango wake ni kupandishwa vyeo.

Mambo ambayo kisanduku hakionyeshi

Kisanduku hakionyeshi idadi ya watu. Idara ya watu sita na idara ya watu 600 zinaweza kuwa na visanduku vinavyofanana kabisa. Andika idadi kando ya kila kisanduku.

Hakionyeshi pengo lililo katikati ya safu. Idara ikiwa na watumishi wengi wa shilingi 60,000 na wengi wa 160,000, bila mtu yeyote kati yao, kisanduku kitachorwa kana kwamba watu wamejaa katikati. Ukiwa na orodha yenyewe, weka nukta ndogo kwa kila mshahara juu ya kisanduku, na pengo litaonekana.

Hakisemi ni malipo gani yaliyohesabiwa. Mshahara wa msingi ni kitu kimoja, na mshahara pamoja na marupurupu ya nyumba na usafiri ni kitu kingine. Wahadhiri wa udaktari wanaotibu wagonjwa hospitalini huwa na marupurupu ya kitabibu ambayo mhadhiri wa hesabu hana. Wahadhiri wa muda hulipwa kwa kozi au kwa saa walizofundisha. Ukiwachanganya na walioajiriwa kwa kudumu, robo ya chini ya idara itashuka bila mshahara wa mtu yeyote kupunguzwa.

Kutoka chuoni hadi bajeti ya kaunti

Elimu ya chuo kikuu iko chini ya serikali ya kitaifa, lakini somo hili linafaa vilevile katika ukumbi wa kutolea maoni ya bajeti ya kaunti. Wafanyakazi wa kaunti nao wamewekwa katika madaraja ya kazi, na idara zao hazifanani kwa muundo. Idara ya afya ina madaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki na wahudumu wengine, na baadhi yao wana marupurupu ya mazingira hatari au ya kuitwa kazini kwa dharura. Idara nyingine inaweza kuwa na makarani na maafisa wa nyanjani wengi. Kuzilinganisha kwa wastani pekee ni kulinganisha mchanganyiko wa vyeo, si malipo ya kazi inayofanana.

Jambo hili lina uzito kwa sababu kanuni za usimamizi wa fedha za serikali za kaunti za mwaka 2015 zinaweka kikomo: mishahara na marupurupu ya wafanyakazi isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kila shilingi inayopita hapo ni shilingi iliyokosekana kwenye kisima, zahanati au barabara. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti huonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani kwa mishahara. Kaunti inapotakiwa kupunguza gharama hiyo, ni lazima ijulikane ikiwa uzito uko kwenye idadi ya wafanyakazi, kwenye madaraja ya juu, au kwenye marupurupu. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa isiyofaa huumiza wa chini kwanza. Ukipunguza watu katika idara yenye kisanduku cha chini na kipana kidogo, utafukuza wengi na kuokoa kidogo.

Namna ya kuomba takwimu

Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu: ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi iliyoombwa hutakiwa kutoa uamuzi mapema iwezekanavyo, isizidi siku 21. Asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana pia kama Ofisi ya Ombudsman.

Ombi zuri ni fupi. Liombe idadi ya wafanyakazi kwa kila idara na kila daraja, pamoja na mshahara wa chini, robo ya chini, wa katikati, robo ya juu na wa juu. Liseme kama ni mshahara wa msingi au pamoja na marupurupu, na litaje mwezi. Lisiombe majina. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa za watu binafsi, na mchoro wa kisanduku hauhitaji jina la mtu. Pale ambapo daraja lina mtu mmoja tu, ofisi inaweza kuliunganisha na daraja jirani ili mshahara wa mtu huyo usijulikane na kijiji kizima.

Ni vyema ombi lipelekwe mapema. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, taarifa ya mkakati wa fedha ya kaunti huwasilishwa kwa bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mkazi anayetaka kuja mkutanoni na michoro yake ahesabu siku 21 kurudi nyuma.

Zoezi la nyumbani

Hapa kuna malipo ya siku ya vibarua 11 wanaochuma muguka na 11 wanaofanya kazi ya mjengo, kwa shilingi. Nambari hizi pia zimetungwa kwa ajili ya zoezi.

Muguka: 250, 300, 300, 350, 350, 400, 400, 450, 450, 500, 550.

Mjengo: 400, 400, 450, 450, 500, 500, 500, 550, 600, 700, 1,200.

Tafuta nambari tano za kila kundi, chora visanduku juu ya mstari mmoja wa vipimo, na useme kama kuna nukta ya pekee. Kisha soma majibu.

Muguka: 250, 300, 400, 450, 550. Upana wa kisanduku ni 150, mipaka ni 75 na 675, na hakuna aliye nje.

Mjengo: 400, 450, 500, 600, 1,200. Upana ni 150 vilevile, na mipaka ni 225 na 825. Sharubu la kulia linaishia 700, na 1,200 ni nukta ya pekee.

Kabla ya kusema mjengo unalipa kuliko muguka, uliza mambo matatu. Yule wa 1,200 ni kibarua kama wengine, au ni fundi? Saa za kazi ni sawa? Na kazi hupatikana siku ngapi kwa mwezi? Kibarua wa mjengo anayepata 500 kwa siku 10 anarudi nyumbani na 5,000. Mchumaji wa muguka anayepata 400 kwa siku 20 anarudi na 8,000. Kisanduku cha malipo ya siku na kisanduku cha malipo ya mwezi vinaweza kupeana migongo, na mkazi anayelinganisha lazima aseme mapema ni kipi anachokichora.